Kiti cha Barutwanayo

Toronto, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Daphrose,

Leo ni miaka hamsini na miwili na miezi sita tangu niondoke Rumonge. Ishirini na minne niliimalizia Tanzania, iliyobaki yote hapa. Nimehesabu kwa kalamu kabla ya kukuandikia, maana siku hizi nikihesabu kichwani napoteza mwaka mmoja au miwili njiani, na sipendi kuipoteza.

Barua yako imefika. Binti yako Nicole amezipiga picha kurasa zote tatu na kunitumia kwenye simu, ila kidole chake kimefunika mstari mmoja. Mengine nimeyasoma na kuyarudia. Mmeamua kuganduka, kuuondoa msiba wa baba, Jumamosi ya tarehe nane Februari. Mnataka mimi, mtoto wake wa kwanza, niketi kwenye kiti chake, niwaeleze watu alivyokufa, ninywe kabla ya wengine, kisha niseme msiba umekwisha, watu wanyoe nywele na kurudi mashambani. Nakumbuka babu alivyofanyiwa. Nakumbuka hata mrija aliounywea baba siku ile.

Daphrose, siwezi kuja. Daktari amenikataza ndege. Shinikizo la damu linapanda bila sababu, na miguu inavimba nikikaa muda mrefu. Kutoka huku hadi Bujumbura ni siku nzima na zaidi ya kukaa, nami nina miaka sabini na mitatu. Fanyeni bila mimi. Yule mtoto wa baba mdogo anaweza kuketi. Ni mtu mzima, na anapenda kuketi.

Sisi tupo. Bado ni ghorofa ya kumi na saba, St. James Town. Lifti ni tatu, inayofanya kazi ni moja, na theluji imewahi mwaka huu. Wifi yako Libérata yuko kwenye kwaya ya Kirundi kanisani. Mimi nasoma, halafu nalala na kitabu kifuani.

Kaka yako,
Gervais


Rumonge, 9 Desemba 2024

Kaka Gervais,

Ule mstari uliofunikwa na kidole ulisema hivi: usinitumie daktari.

Sasa umemtuma. Daktari gani huyo anayeogopa ndege kuliko mgonjwa wake? Mwezi uliopita kateremka hapa mzee wa miaka themanini kutoka Ubelgiji, na fimbo yake na vidonge vyake, amekuja kumwoza mjukuu. Alicheza. Tulimshika tu asianguke.

Kiti kiko tayari. Fundi amekitengeneza kirefu, miguu yako itaning'inia kama ya mtoto kanisani, lakini ni mbao nzuri. Mtoto wa baba mdogo alishakuja kukijaribu, nikamwinua. Kiti cha baba hakikaliwi na mtu ambaye baba alikuwa akimfukuza kwenye miwa yake.

Nisikilize vizuri. Siku ile watu watauliza jambo moja, na ni lile ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza. Mwaka ule wa sabini na mbili, wale watu wa serikali walikuwa wakichukua waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Baba hakujua hata kuandika jina lake, alikuwa akiweka dole gumba. Walimtakia nini? Mama na mimi tulikuwa kwa shangazi. Wewe ndiye uliyekuwepo nyumbani. Ulituambia alikuwa kwenye orodha, basi, tukalia na tukavuka ziwa. Safari hii utaketi, utaeleza hadi mwisho, ili tulale.

Nimechoka, kaka. Mtu akizikwa, kuna siku anakuja mtu mzima kukwambia inatosha, panguza uso. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, sasa nina wajukuu, na bado namlilia kama nililetewa habari jana.

Kama daktari ni wa kweli, sema. Nitawabembeleza watu tusogeze hadi Julai.

Nisalimie wifi yangu.

Daphrose


Toronto, 6 Januari 2025

Mdogo wangu,

Msisogeze kwa ajili yangu. Watu wameshaambiwa, ndizi za pombe haziwezi kusubiri Julai.

Nitakuwa kimya kwa wiki chache. Nimeshauriwa nikapumzike mahali penye hewa ya milimani, na sina hakika kama simu itashika huko. Usiwe na wasiwasi nisipojibu.

Gervais


Chiang Mai, 25 Januari 2025

Wifi yangu mpendwa Daphrose,

Ni mimi Libérata. Nimemwambia Gervais, haiwezekani tukasafiri mbali hivi bila kumsalimu wifi, atasema nimelelewa wapi. Akasema ataandika yeye. Namjua, ataandika tukishafika nyumbani. Basi nimeomba namba ya Nicole kwa Carmel wangu, na hizi picha ni za kwako, mwambie azikuze uone vizuri.

Watoto wametupa safari hii kwa sababu mwaka huu tumetimiza miaka hamsini ya ndoa. Unakumbuka ule ubwabwa wa harusi ulioungua kule kambini Ulyankulu? Hamsini, wifi. Divin alisema chagueni popote duniani. Mimi nilijua Gervais atasema Rumonge, akasema Thailand. Sikubishana, nilifikiri ni kwa sababu mmesogeza shughuli ya baba hadi Julai, kama alivyoniambia. Tutakuja Julai basi. Nimeshaanza kuweka nguo pembeni.

Sasa nikwambie. Jana tumepanda mlima mrefu kuliko yote nchini humu. Kuna baridi kama Bururi, na ukungu, na migomba inateremka bondeni sawasawa na kwetu, nikatafuta kwa macho nyumba ya mama yangu. Juzi tulikwenda hekaluni, ngazi zaidi ya mia tatu. Nilivaa mvutano, lile vazi letu la sherehe, ule wa harusi ya Divin, watalii wakaomba kupiga picha na mimi, sikuwatoza. Kila mahali kuna watawa wamenyoa vichwa na nyusi pia. Nikamwambia Gervais, hawa watu kila siku kwao ni mwisho wa msiba. Hakucheka.

Kwa kweli hana raha. Leo asubuhi binti anayetuongoza alisimama kwenye mlango wa basi dogo na karatasi yake, anaita majina kuhakikisha hakuna aliyebaki. Alifika kwetu akasoma "Ndikuriyo", tena alilitamka vizuri kabisa. Gervais amekaa pembeni yangu. Akasoma mara ya pili. Ya tatu nikaitika mimi, nikasema yupo huyu hapa. Hapo mwenzangu akateremka, akaenda kutapika kando ya barabara. Anasema ni samaki wa jana. Mimi nilikula samaki huyohuyo.

Hiyo ya mwisho ni yeye, amevaa kofia yake, na tembo. Anamlisha ndizi. Angalau hapo anatabasamu, au ni jua.

Wifi yako akupendaye,
Libérata


Rumonge, 29 Januari 2025

Gervais,

Nimeziona picha. Nicole amezikuza.

Miguu yako haijavimba. Umepanda ngazi mia tatu. Ndege imekubeba masaa ambayo yangekuleta hapa ukalala na kuamka. Shughuli ya baba yako iko palepale, tarehe nane, nawe unamlisha tembo ndizi kwa mkono wako.

Wifi hana kosa. Hajui kwamba nilikuwa sijui. Sijamjibu, ili usiniambie nimemgombanisha na mumewe.

Kilichoniuma si uongo. Watu wa mbali husema uongo, tumezoea. Kilichoniuma ni kwamba ulipoulizwa popote duniani, ulipatafuta mahali, ukapata, na hapakuwa hapa. Niambie kwa nini, kabla ya Jumamosi ile. Ukinyamaza nitajua jibu, na sitakuandikia tena.

Daphrose


Kisiwa cha Lanta, 4 Februari 2025

Daphrose,

Naandika kwenye meza ya plastiki, mbele ya kibanda chetu. Libérata yuko majini hadi magotini, ameinua nguo kama anavuka mto. Nimemweleza yeye jana yote ninayokueleza wewe leo. Amekasirika kwa ajili yako kwanza. Kwa mengine bado hajasema kitu.

Divin alifungua kompyuta, akaandika Bujumbura mwenyewe bila kuniuliza. Nikamwambia, kwa Kirundi, si huko. Akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, basi wapi. Nikaweka kidole kwenye ramani mahali ambapo nilidhani hakuna mtu awezaye kulitamka jina langu. Ndiyo sababu yote. Kisha yule binti akalitamka.

Umeuliza walimtakia nini baba. Hawakumtaka.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye kibanda cha kukamulia mawese, nyuma ya pipa. Baba aliniambia nikae humo tangu nirudi kutoka shule ya ualimu, maana wenzangu wawili walikuwa wameshachukuliwa. Yeye alikuwa uani ananawa miguu. Waliingia watu wanne na karatasi. Mmoja akasoma, akakosea, akasoma tena: Ndikuriyo.

Baba akasema, ni mimi.

Unajua mambo yetu yalivyo. Kwetu mtoto habebi jina la baba, kila mtu ana lake: yeye Barutwanayo, mimi Ndikuriyo. Kwenye karatasi ile hapakuwa na neno lolote la kumkanusha. Mmoja alimtazama, mtu wa miaka hamsini, visigino vimepasuka, akamuuliza, wewe ni mwanafunzi? Baba akasema ndiyo. Mwingine akacheka, akasema jina ni jina, hesabu imetimia, twendeni. Baba akaomba achukue kofia yake ya Jumapili. Wakamruhusu. Sijaelewa hadi leo alitaka kofia ya nini, jua lilikuwa bado halijapanda. Hakutazama upande wa kibanda hata mara moja.

Kutoka uani hadi barabarani ni mwendo wa Baba Yetu mara mbili. Najua kwa sababu niliisali. Ningeweza kutoka ya kwanza ilipokwisha. Ningeweza kutoka ya pili ikiwa katikati. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na miguu mizima.

Mliporudi na mama nikawaambia alikuwa kwenye orodha. Nilijiambia si uongo, jina lilisomwa, mtu akaitika. Nimefundisha darasani miaka ishirini na zaidi. Nimewaogesha na kuwasomea magazeti wazee wa watu miaka kumi na minane Toronto, na kila mwaka nilisema mwaka ujao nitamwandikia Daphrose. Karatasi hazikunipungukia.

Sasa unanitaka nikae kwenye kiti chake. Kiti hicho ndicho nilichomwachia akikalie kwa niaba yangu. Nikikaa nikasema nilivyosema zamani, nitakuwa nimemwongopea mbele ya watu wake. Nikisema kweli, nani atakunywa baada yangu?

Fanya utakavyoona. Waambie au usiwaambie. Usimwache yule mpenda kuketi akae, ni hilo tu naomba, na sina haki ya kuomba.

Gervais


Rumonge, 11 Februari 2025

Kaka,

Kurasa zako zilifika Alhamisi. Nicole alinisomea, macho yangu hayawezi tena mwandiko wako. Alifika katikati akanitazama. Nikamwambia endelea, hujaulizwa maoni. Ijumaa sikula.

Jumamosi watu walijaa, turubai mbili hazikutosha. Mtoto wa baba mdogo alikuja na suti. Saa nne wakasema kiti kipate mwenyewe. Nikaenda nikaketi mimi. Mzee mmoja akasema, "Mama Nicole, hapo si pa mwanamke." Nikamwambia, "Nionyeshe mwanamume aliyepakalia miaka hii hamsini na miwili, nimpishe." Akatafuta kofia yake kama iliyopotea, na ilikuwa kichwani.

Nikawaeleza. Sikukusitiri, na sikukuongezea. Nilisema, baba yangu hakuwa kwenye orodha. Aliitwa mwanawe, akaitika yeye. Mwanawe alikuwa nyuma ya pipa, hakutoka. Nikaacha hapo.

Nikasikia watoto wanacheza kwa jirani. Halafu yule bibi wa ng'ambo ya barabara, unamkumbuka, aliyekuwa akisuka vikapu, kumbe bado anasikia. Akasema, "Ndiyo maana ya kofia." Siku ile alimwona akipita, akashangaa Barutwanayo anakwenda kanisani na wageni siku isiyo ya misa. Akasema, "Alitaka afanane na msomi."

Hapo ndipo nilipolia, kaka, na kilikuwa kilio kingine, si kile cha siku zote. Nikaushika mrija nikanywa. Wakanywa wote, hata mwenye suti. Nikasema msiba umekwisha. Nimenyolewa, naona baridi kichwani, nafanana na wewe.

Basi kiti kina mtu, na ni mimi. Wewe ukija utakuja mgeni, utakaa kwenye mkeka na wakwe. Hakuna atakayekuuliza neno, nimeshajibu kwa niaba yako. Libérata ameshaniandikia, anasema nguo za Julai bado ziko pembeni.

Picha ya tembo sijakusamehe. Hilo jingine sijui bado. Nipe muda, kama wewe ulivyojipa.

Dada yako,
Daphrose


Toronto, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Daphrose,

Tumefika salama. Divin alitupokea uwanjani, akatuuliza kwa Kiingereza kama ilikuwa nzuri. Mama yake akasema ilikuwa nzuri sana. Nami nikasema hivyo, na haikuwa uongo wote.

Jumamosi yenu, saa nne ya huko ilikuwa saa tisa alasiri kisiwani. Nilimpa Libérata wembe, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kibanda. Alininyoa bila kusema. Alipomaliza upande mmoja akasema, "Geuza kichwa," nami nikajua hataniacha. Jioni mwenye hoteli aliniunganishia viganja vyake kwa heshima, akidhani nimeingia utawa. Libérata alicheka hadi akakaa chini. Ni mara ya kwanza safari nzima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimeisoma zaidi pale pa kofia. Miaka yote nilidhani aliichukua kwa sababu hakuelewa anakopelekwa.

Na sasa nikujibu kuhusu mkeka, kwa kuwa umenikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, na ni lazima nikujibu kweli hata mara moja.

Nilikuwa nikiamini kinachonizuia ni lile nililolificha. Nilisema siku likitoka nitakuwa mwepesi, nitapanda ndege kama watu wengine. Sasa limetoka, swali limejibiwa, kiti kina mtu, na daktari hajanikataza chochote. Nimejipima taratibu, kama mtu anayejaribu kuukanyagia mguu uliotolewa plasta, nimekuta bado sitaki. Si woga. Aibu ipo, lakini si yenyewe. Kule nilipapenda nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na aliyepapenda ndiye aliyebaki nyuma ya pipa. Huyu wa ghorofa ya kumi na saba amechoka, anajua duka gani lina ndizi za kupika na lifti gani huamka saa ngapi, na ni hayo tu anayoyajua kwa hakika. Baba aliitika ili niondoke. Nimeondoka, Daphrose, pengine zaidi ya alivyotaka.

Libérata atakuja Julai, na Carmel atamsindikiza. Mpokee. Atakueleza habari za tembo mwenyewe, ni ndefu kuliko picha, na mimi sina sifa ndani yake. Nimempa kofia yangu ile ya picha akuletee. Usiivae wala usiitundike. Mpe mtu mwenye jua shambani.

Usiniwekee nafasi kwenye mkeka, wape wakwe wakae kwa nafasi.

Sitarudi.

Kaka yako,
Gervais Ndikuriyo